Mita 37 Zinazoliwa na Hewa

Kipa anauweka mpira kwenye kona ya boksi dogo, anarudi nyuma hatua nne tano, anaukimbilia na kuupiga. Watu wanainua shingo. Baada ya sekunde karibu nne mpira unatua mita chache ng'ambo ya mstari wa kati, na jukwaani hakosekani wa kusema, "Huyu kipa ana mguu." Kasema kweli, lakini kasema nusu. Mguu umefanya kazi kwa muda usiozidi kufumba jicho. Zile sekunde nne zilizobaki, mpira ulikuwa mikononi mwa kitu kingine ambacho hatukioni, kwa hiyo hatukitaji.

Tupige hesabu. Chukua mpira ulioondoka mguuni kwa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, ukiwa umeinuliwa nyuzi 45. Kasi hiyo makipa wa ligi wanaifikia. Kama dunia isingekuwa na hewa, kanuni tuliyoikariri sekondari ingetosha: zidisha kasi kwa kasi, gawanya kwa 9.8. Jibu ni mita 92. Kwenye uwanja wa mita 105, goli kiki hiyo ingedondoka miguuni mwa kipa wa upande wa pili. Sasa rudia hesabu ukiitia hewa nzito ya usawa wa bahari, hewa ya Dar es Salaam au Mombasa. Zinabaki mita 55 hivi.

Mita 37 zimeliwa. Na karibu kila mabishano yetu kuhusu mpira kufika au kutofika, yawe ya upepo, mvua, aina ya mpira au uwanja wa milimani, ni mabishano kuhusu hizo 37.

Sababu ya ulaji huo ni kwamba hewa si kitu kitupu. Mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja, na mpira unapopita lazima uisukume pembeni. Kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde, hewa inaurudisha mpira nyuma kwa nguvu inayokaribiana na uzito wa mpira wenyewe. Yaani ardhi inauvuta chini kwa nguvu fulani, na hewa inauvuta nyuma kwa nguvu karibu ileile. Mtu akisikia hivyo mara ya kwanza huwa hakubali, maana sisi tunaotembea hewa tunaihisi kama si chochote. Lakini ukinzani wa hewa haupandi sambamba na kasi, unapanda kwa kasi kuzidishwa kwa kasi. Ukienda mara mbili, unakupinga mara nne. Ndiyo maana mtembeaji hausikii, na aliyepanda bodaboda anausikia mpaka macho yanatoka machozi.

Hapo ndipo mguu unapoanza kupunjwa. Kipa akifanya mazoezi mpaka kasi ya mpira wake ikaongezeka kwa asilimia 10, bila hewa umbali ungeongezeka kwa asilimia 21. Ndani ya hewa anapata kama 11 tu. Kadiri anavyopiga kwa nguvu ndivyo anavyotozwa zaidi.

Hewa inaharibu hata umbo la safari. Kwenye vitabu mpira huchorwa ukipanda na kushuka kwa mkunjo uleule, kama tao la mlango wa msikiti. Uwanjani sivyo. Mpira wetu uliopanda kwa nyuzi 45 unashuka kwa mwinamo mkali wa karibu nyuzi 57, na kilele chake kimesogea mbele ya katikati ya njia. Beki mchanga anayeutazama ukipanda hudhani utampita, anarudi nyuma, kisha mpira unaporomoka mbele yake na straika anauchukua. Mabeki wazoefu wanalijua hilo kwa macho bila kulisoma popote.

Na zile nyuzi 45 zenyewe, ambazo kila mwalimu huziita pembe bora, ni bora pale tu pasipo hewa. Ndani ya hewa pembe bora inashuka kuelekea 40, kwa sababu mpira unaokaa juu muda mrefu unakatwa muda mrefu. Mwili wa mtu nao una masharti yake. Mpira wa kurusha kwa mikono hufika mbali zaidi ukirushwa kwa nyuzi kama 30, maana mabega na mgongo haviwezi kutoa kasi ileile kwa kuelekea juu. Kwa mguu vilevile: anayetaka kuuinua sana mpira ulio chini lazima auchimbe, na kuuchimba kunamla kasi. Sioni haja ya kuumiza kichwa kwa nyuzi mbili tatu, kwa sababu karibu na pembe bora umbali haubadiliki sana. Kasi ndiyo mali.

Kasi hiyo hupatikana ndani ya muda mfupi ajabu. Kiatu na mpira hugusana kwa takriban sehemu moja ya 100 ya sekunde. Ndani ya muda huo mpira unabonyea, kisha unajirudisha kama springi na kuondoka ukiwa na kasi kuliko mguu wenyewe, mara nyingi kwa asilimia 20 au 30 zaidi. Hapa ndipo upepo wa ndani ya mpira unapohusika. Sheria za soka zinataka mpira uwe na kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, ya kati ya 0.6 na 1.1 kupita ile ya nje, kwa kipimo cha anga la usawa wa bahari. Uliolegea unabonyea kupita kiasi, na nguvu nyingi inaishia kwenye ngozi badala ya kurudi kama mwendo. Sisi tuliokulia kwenye chandimu, na mpira wa matambara na soksi, tunajua: unapiga kwa roho yako yote, unasikia "pu!", unakwenda mita 15 na kulala. Tambara halijirudishi.

Uzito nao huwachanganya wengi. Watu huamini mpira mwepesi ndio unaokwenda mbali. Angalia mpira wa tenisi ya mezani, upana milimita 40, uzito gramu 2.7. Uweke karibu na mpira wa gofu, upana milimita 42.67, uzito unaokaribia gramu 46. Kwa macho ni ndugu. Ila wa gofu ukipigwa na mtaalamu unapita mita 250, na wa mezani hata ukipigwa na jitu hautoki nje ya boksi la penalti. Hewa inaipiga yote miwili kifua kile kile, lakini wa gofu una tungamo mara 17 zaidi, kwa hiyo haurudishwi nyuma kirahisi. Tufe la kurusha la wanariadha wanaume, kilo 7.26, hewa hailitishi kabisa, tatizo lake ni kwamba mkono hauwezi kulipa kasi. Mpira wa miguu, gramu 410 hadi 450 na upana wa sentimita 22, umekaa katikati: mwepesi kiasi cha kupokea kasi kubwa, mpana kiasi cha kunyang'anywa.

Sasa jambo ambalo mimi naliona tamu kuliko yote, nalo ni ngozi ya mpira. Akili ya kawaida inasema kitu laini hupenya hewa vizuri kuliko chenye mikwaruzo. Wacheza gofu wa karne ya 19 waligundua kinyume: mipira yao mipya iliyo laini ilidondoka mapema, na mikongwe iliyojaa makovu ya fimbo ikaruka mbali. Wakaanza kuichonga makusudi, na vile vishimo mnavyoviona leo, 300 na zaidi kwenye mpira mmoja, ni watoto wa makovu yale. Mpira wa gofu usio na vishimo hufika takriban nusu tu ya njia.

Aliyepima sababu ni Gustave Eiffel, Mfaransa yule yule wa mnara. Mwaka 1912, akiwa mzee, alikuwa na maabara ya upepo jijini Paris, akaona kwamba kitu cha duara kama mpira kikiongezewa kasi hufika mahali ambapo ukinzani wa hewa badala ya kupanda unaporomoka ghafla. Maelezo yako nyuma ya mpira, si mbele. Fikiria boti ikipita: mbele inakata maji, nyuma inaacha maji yaliyovurugika. Mpira nao huacha mkia wa hewa iliyovurugika, na mkia huo ndio unaouvuta nyuma. Mkia ukiwa mpana, mvuto ni mkubwa. Kwenye mpira laini uendao polepole, hewa huachana na ngozi mapema na mkia unakuwa mpana. Ngozi yenye mikwaruzo, au kasi kubwa ya kutosha, huitibua ile hewa nyembamba iliyogusana na mpira. Hewa iliyotibuliwa inashikamana na ngozi mbali zaidi kuelekea nyuma kabla ya kuachia, na mkia unakuwa mwembamba. Yaani vurugu ndogo juu ya ngozi inazuia vurugu kubwa nyuma yake.

Kwenye mpira wa miguu, kazi ya mikwaruzo hufanywa na mishono. Mpira wa Telstar wa mwaka 1970, ule wa madoa meusi na meupe, ulikuwa na vipande 32. Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini lilipewa mpira wa Jabulani, vipande 8 tu, mishono yake ikiwa na urefu wa jumla wa sentimita 203. Makipa walilia tangu wiki ya kwanza. Ulikuwa laini mno, hivyo pale Eiffel alipoona ukinzani ukibadilika palisogea kwenye kasi kubwa zaidi, na wataalamu wa NASA, shirika la anga la Marekani, walioupima walisema mpira ule huanza kuyumba ukiwa kwenye kilomita 72 hadi 80 kwa saa. Ndiyo kasi ya mipira mingi ya adhabu. Mpira ulikuwa ukiipita kasi ile ya mabadiliko katikati ya safari: unaondoka mkali, ukipungua kidogo tu unashikwa na hewa kama uliofungiwa breki. Brazuca, mpira wa Kombe la Dunia la 2014, ilikuwa na vipande vichache zaidi, 6, lakini mishono yake ilifika sentimita 327, na malalamiko yakapungua. Wanaohesabu vipande wanahesabu kisichohusika. Hesabu mshono, na kina chake.

Halafu kuna mzunguko. Kipa anayepiga goli kiki kwa kuukata mpira kwa chini anaufanya uzunguke kinyumenyume. Ngozi ya juu inakimbia pamoja na hewa inayopita, ya chini inapingana nayo, matokeo yake hewa inayotoka nyuma ya mpira inatupwa chini. Na ukitupa kitu chini, wewe unasukumwa juu. Mpira unaelea. Newton aliliandika jambo hili mwaka 1672 baada ya kutazama mpira wa tenisi, ila jina limebaki kwa Mjerumani Magnus aliyelifanyia majaribio katikati ya karne ya 19. Uzungushe kwa pembeni, unapata kilichotokea Lyon tarehe 3 Juni 1997, Roberto Carlos alipopiga faulo ya mita 35 dhidi ya Ufaransa, mpira ukaenda nje kabisa ya ukuta kisha ukarudi golini. Kwa anayetaka umbali, mzunguko wa kinyumenyume ukiwa wa wastani ni msaada. Ukizidi, nguvu ambayo ingekuwa kasi imeishia kwenye kuzungusha, na mpira unapaa juu kama kishada na kushuka pale pale.

Hapo ndipo tunaweza kupanda Mbeya. Timu ya pwani ikienda kucheza huko kwenye uwanja wa Sokoine, takriban mita 1,700 juu ya bahari, utasikia kwamba "kule mpira unakimbia". Ni kweli, lakini kwa kiasi. Kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Ila Mbeya ni baridi pia, na baridi huibana hewa na kuifanya nzito. Ukilinganisha alasiri ya Dar ya nyuzi 30 na alasiri ya Mbeya ya nyuzi 20, hewa ya Mbeya ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi, si 18. Kwenye goli kiki yetu ni nyongeza ya mita tatu au nne. Inatosha kumfanya beki akosee kichwa, haitoshi kumfanya kipa dhaifu awe shujaa. Kuna na hili: mpira uliojazwa Dar mpaka geji ikasoma 0.8, ukipimwa Mbeya geji itasoma zaidi ya 0.9, kwa kuwa hewa ya nje inayoubana imepungua. Mchezaji anausikia mgumu na mwepesi kuondoka, halafu lawama zote zinakwenda kwa mlima. Mipira ipimwe upya ikifika.

Kwenda juu zaidi mambo yanakuwa makubwa. La Paz, Bolivia, uwanja uko zaidi ya mita 3,600, na goli kiki ileile ingepata mita 8 hivi za ziada. Argentina ya kocha Maradona ilifungwa 6-1 pale tarehe 1 Aprili 2009. Mapafu yanachoka, hilo linajulikana, lakini kipa aliyezoea jinsi mpira unavyopungua kasi akiwa Buenos Aires anapokea mpira ambao haupungui. Na Denver, Marekani, mji wenye kimo cha karibu sawa na Mbeya, mipira ya besiboli iliruka mno hadi wenye uwanja wakaanza kuihifadhi kwenye chumba chenye unyevu maalumu mwaka 2002. Hewa kavu ya kule ilikuwa inaikausha, na mpira mkavu unadunda zaidi kwenye gongo.

Tukigusia unyevu, niondoe dhana moja. Hewa yenye unyevu ni nyepesi kuliko kavu, si nzito, kwa sababu mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa unayoichukulia nafasi. Uzito tunaousikia Dar mwezi Machi ni jasho lisilokauka. Kwenye umbali wa mpira athari yake haifiki nusu mita. Mvua ni habari nyingine: mipira ya ngozi ya zamani ilikunywa maji ikawa kama jiwe, ya siku hizi hunywa kidogo sana.

Kinachozidi vyote hivi ni upepo, na nashangaa kwamba ndicho kinachoandikwa kidogo kuliko mwinuko. Kusi ya mita 5 kwa sekunde, ambayo pwani ni ya kawaida kabisa, ikiwa nyuma ya kipa inamwongezea karibu mita 9. Ikiwa usoni inamnyang'anya karibu hizo hizo. Yaani kati ya kipindi cha kwanza na cha pili, kipa yuleyule, mpira uleule, tofauti inafika mita 18, mara nne au tano ya zawadi ya Mbeya. Tena upepo wa juu ni mkali kuliko wa chini, kwa kuwa chini majukwaa, miti na ardhi yenyewe vinauzuia. Anayerusha majani hewani kupima upepo anaupima ule usiohusika. Atazame bendera iliyo juu ya paa la jukwaa. Na akikuta upepo uko usoni, apige chini, kwa kasi, bila ule mzunguko wa kuelea.

Inabaki ardhi. Mpira wetu unafika chini ukiwa bado na mita 19 hivi kwa sekunde. Kwenye nyasi ndefu zilizolowa utazama, kwenye kipara cha udongo mkavu au nyasi bandia utaruka tena. Rekodi ya Guinness ya kipa kuuachia mpira kutoka mikononi na kuupiga, aliyoiweka Ederson wa Manchester City mwaka 2018, ni mita 75.35, na hapo kinahesabiwa kile kilichoruka hewani. Magoli ya makipa yaliyopita umbali huo yamehitaji mdundo. Tom King wa Newport alifunga kutoka mita 96.01 tarehe 19 Januari 2021, mpira ukadunda na kumpita kipa mwenzake. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Asmir Begović wa Stoke, mita 91.9, tarehe 2 Novemba 2013 dhidi ya Southampton, mechi ikiwa na sekunde 13 tu. Upepo ulikuwa nyuma yake. Aliubutua mpira kuondoa hatari, ukaenda, ukadunda mara moja mbele ya boksi, ukapita juu ya kichwa cha Artur Boruc hadi wavuni. Wenzake walimkimbilia kumkumbatia. Begović hakushangilia. Alikuwa kipa, na alimwonea huruma kipa mwenzake.